Nyuma inaruka, nyuma inagonga: kuchunguza shokapu za nyuma kwenye magari ya kale ya misuli

Mustang ya 1966 ililetwa kwangu ikigonga nyuma, upande wa kulia. Kila ikipita kwenye shimo, hata lile dogo la kufukia kwa kiganja, ulisikika mgongano mmoja mkavu, kama nyundo juu ya debe. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha shokapu zote mbili za nyuma mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mlio uko palepale. Nikafungua buti, nikainua zulia, nikaifikia nati ya juu ya shokapu. Nilivyoishika tu ilizunguka kwa vidole. Chini yake raba ilikuwa imelika hadi kuwa nyembamba kama soli ya kandambili, na washa (kile kisahani cha chuma chini ya nati) imeshaanza kula tundu la chuma, tundu la duara likawa la yai. Shokapu yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, elewa kwanza shokapu (au shokomzoba, kama wengine wanavyoiita) inafanya kazi gani kwenye gari lako. Kwa miaka mingi nimeona inalaumiwa kwa makosa isiyoyafanya, na inaachwa salama palepale inapokosea.

Shokapu haibebi gari. Gari linabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi: ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili kupita kwenye matundu madogo, na ule msuguano unageuza mwendo kuwa joto. Basi. Ila kwenye magari haya ya misuli, yaani yale ya Marekani yenye injini kubwa ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, shokapu ya nyuma ina mzigo wa pili. Ekseli ya nyuma ni gogo moja la chuma: difu (gia za katikati ya ekseli), ngoma za breki, magurudumu mawili, vyote vimefungwa pamoja na vinapanda na kushuka pamoja. Uzito huo nao una tabia ya kurukaruka peke yake chini ya gari. Mwili wa gari ukikosa kutulizwa huyumba polepole, mara moja hadi mbili kwa sekunde. Ekseli ikikosa kutulizwa hutetemeka haraka, mara kumi au zaidi kwa sekunde. Shika tofauti hiyo, maana mwendo wa polepole na mtetemo wa haraka huelekeza kwenye chanzo tofauti.

Jua pia gari lako limejengwaje. Mustang, Camaro, Firebird, Charger, Road Runner na Challenger zina springi za mabamba, zile ndefu zinazoishika ekseli na kuibeba kwa wakati mmoja. Chevelle, GTO, 442 ya Oldsmobile na ndugu zao wa General Motors wa 1964 hadi 1972 zina springi za koili, na ekseli inashikwa na mikono minne yenye bushi (raba za kwenye viungo). Camaro ya 1967 shokapu zake zote mbili za nyuma ziko upande mmoja wa ekseli. Kuanzia 1968 moja iliwekwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili kupunguza ekseli kurukaruka. Nimewahi kuulizwa mara nyingi kama shokapu "imefungwa kinyume" kwa sababu ya kulia na ya kushoto hazielekei sehemu moja. Hapana, ndivyo gari lilivyotoka kiwandani.

Nyuma inaelea

Unapita tuta, mbele inatulia mara moja, nyuma inaendelea kupanda na kushuka kama mtumbwi uliopitwa na boti kubwa. Kwenye kona ndefu nyuma inalala upande mmoja, kisha inachelewa kurudi. Hii ndiyo dalili halisi ya shokapu iliyochoka: sili (raba inayozuia oili isivuje) imeachia, oili imepungua, au valvu za ndani zimelika kwa umri.

Kipimo ambacho kila mtu anakijua ni cha kubonyeza. Simama kwenye kona ya nyuma, viganja juu ya mwili wa gari palipo pagumu, bonyeza mara tatu nne ukifuata mdundo wake, kisha achia likiwa linashuka. Linatakiwa lipande, lishuke, litulie. Likiendelea kwenda mzunguko wa pili na wa tatu, shokapu ya upande huo haishiki tena.

Lakini hapo ndipo wengi hujikwaa. Springi za mabamba zina msuguano wao wenyewe, bamba linasuguana na bamba, hasa zikiwa na kutu. Gari la namna hiyo linaweza kutulia vizuri mkononi mwako huku shokapu zote mbili zimekufa, kisha likakuonyesha rangi yake barabarani. Kwenye gari la mabamba, kufeli kipimo hiki ni ushahidi. Kufaulu hakuthibitishi kitu.

Linaanza vizuri, linaharibika njiani

Asubuhi gari ni zuri. Baada ya nusu saa ya barabara mbovu nyuma inaanza kuelea. Ukiliacha lipumzike, linarudi kuwa zuri, na fundi anayelijaribu kwa dakika tano haoni tatizo.

Shokapu za zamani zisizo na gesi zina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na juu ya oili kuna hewa ya kawaida. Zikifanya kazi sana, oili na hewa huchanganyika na kutoa povu. Pistoni inayosukuma povu haipati upinzani. Povu likitulia, nguvu inarudi. Shokapu nzima pia inaweza kufika hapo ikinyanyaswa vya kutosha, ila ikiwa inafika haraka, mara nyingi oili imeshapungua na hewa imeongezeka. Kwa gari linalotumika kweli, hii ndiyo sababu nzuri zaidi ya kuhamia shokapu za gesi, maana gesi iliyo na shinikizo huzuia povu lisitokee kwa urahisi.

Kuna kipimo kidogo ninachokipenda kwa tatizo hili. Ukirudi kutoka barabara mbovu, gusa mwili wa shokapu kwa nyuma ya vidole, kwa uangalifu kwa sababu ekzosi iko jirani na inaunguza. Kwa kuwa shokapu inageuza mwendo kuwa joto, inayofanya kazi itakuwa na uvuguvugu au joto kabisa. Ikiwa ya kushoto ina moto na ya kulia ni baridi, ya kulia haikufanya kazi safari nzima. Zingatia tu kwamba bomba la ekzosi lililo karibu na shokapu moja linaweza kukudanganya.

Inagonga

Hapa pana mengi, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo tusiharakishe.

Shokapu iliyochoka kwa oili kwa kawaida haipigi kelele, inaelea kimya. Ukisikia mgongano mkavu, anza kwenye vifungio vyake kabla ya shokapu yenyewe. Nati ya juu, raba za juu, raba za chini, bolti ya chini, na chuma kinachoshika vyote hivyo.

Muweke mtu mmoja nyuma ya gari alibonyeze na kuliachia, wewe uwe chini au ndani ya buti na vidole vyako vikiwa vimegusa kifungio. Usisikilize tu, gusa. Mlio husafiri ndani ya chuma na masikio hudanganyika, lakini kidole kilicho kati ya washa na raba hukuambia kama kuna kitu kinacheza. Raba nzima hubonyea bila kuhama. Raba iliyokufa huacha nafasi, na utaihisi nafasi hiyo ikifunguka na kufunga.

Kwenye gari ambalo shokapu imeshikwa kwa jicho la chini lenye bushi, ingiza chuma kirefu kati ya jicho na mabano (chuma cha gari kinacholishika), kisha sukuma kidogo. Jicho likicheza, bushi imekwisha au bolti imelegea. Angalia rangi pia: vumbi jekundu la kutu linalozunguka nati au bolti ni chuma kinachosagana na chuma. Nati iliyobana kweli haizungukwi na unga mwekundu mbichi.

Kama vifungio ni vizima na mgongano uko palepale, kuna namna tatu ambazo shokapu yenyewe inaweza kugonga. Ya kwanza, pistoni imechomoka kwenye fimbo yake ndani. Hapo utasikia mgongano kwenye kila badiliko la mwelekeo, na shokapu haitulizi kitu. Ya pili, kikombe cha nje cha kuzuia vumbi kimebonyea na kinakwaruza mwili wa shokapu. Huo ni mkwaruzo zaidi kuliko mgongano, na utaona mstari unaong'aa pale chuma kinapogusana. Ya tatu, shokapu inafika mwisho wa urefu wake: inagonga ikibonyezwa hadi chini au ikivutwa hadi juu. Hii ya tatu ina habari yake mbele.

Kisha yapo yanayogonga kwa jina la shokapu. Yu-bolti (bolti zilizopinda kama herufi U) zinazofunga ekseli kwenye springi za mabamba zikilegea, ekseli huhama kidogo na kugonga. Bolti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli inaweza kutembea mbele na nyuma, na hiyo ni hatari, usiendeshe. Bushi za mbele za springi, bushi za mikono kwenye Chevelle na GTO, msalaba wa propela (kiungo cha shafti inayozungusha difu), hata bomba la ekzosi linalogusa ekseli. Ishara nzuri ya kutenganisha ni hii: ukisikia mgongano unapoingiza gia au unapokanyaga na kuachia mafuta barabara ikiwa tambarare, usiiangalie shokapu kwanza. Shokapu hulia kwa mashimo.

Ekseli inarukaruka ukikanyaga mafuta

Ukiondoka kwa nguvu, nyuma inatetemeka kwa kasi, magurudumu yanashika na kuachia, gari zima linapigwa kama linapita juu ya reli. Nguvu ya injini inajaribu kuizungusha ekseli, springi inapinda kama herufi S, inarudi, inapinda tena. Camaro za 1967 zenye springi ya bamba moja zilijulikana sana kwa hili.

Shokapu dhaifu huliongeza tatizo, na shokapu mpya hulipunguza. Ila usitarajie shokapu ilimalize peke yake ikiwa springi zimechoka au bushi zimekufa. Ninachofanya ni kuangalia springi na bushi kwanza, halafu shokapu. Na tafadhali acha kulijaribu tena na tena "ili uhakikishe". Mrukoruko huo ndio unaokata misumari ya shokapu (zile ncha zenye nyuzi zinazofungwa nati), unaopasua mabano na kuvunja msalaba wa propela. Mara moja inatosha kuthibitisha.

Nyuma imelala

Si shokapu. Ni springi. Shokapu za kawaida hazina uwezo wa kuinua gari, na hata zile za gesi huinua kidogo mno. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mwili, kulia na kushoto. Tofauti iliyo wazi kati ya pande mbili ni springi iliyochoka au iliyovunjika.

Tairi linaliwa mabaka

Pitisha kiganja kuzunguka tairi la nyuma. Ukihisi mabonde na vilima vinavyojirudia kwenye mduara, gurudumu hilo limekuwa likirukaruka barabarani. Shokapu ni mshukiwa mkubwa, lakini gurudumu lisilosawazishwa hufanya kitu kinachofanana. Sawazisha gurudumu, tazama shokapu, usibadilishe tairi peke yake ukategemea jipya litadumu.

Mafuta mwilini

Utando mwembamba wenye vumbi karibu na sili ni wa kawaida, kwa sababu fimbo lazima ilainishwe. Kinachotafutwa ni oili inayotiririka, mwili uliolowa hadi chini, au tone. Futa kwa kitambaa hadi pakauke, endesha siku mbili tatu, rudi utazame. Hakikisha pia oili inatoka kwenye shokapu na si kwenye difu au sili ya ekseli. Oili ya difu ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukishaijua hutaisahau.

Kipimo cha mkono

Yote hayo ni kukisia kwa akili. Uhakika unapatikana ukiifungua shokapu, na kwa gari la aina hii si kazi kubwa.

Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua nyuma, weka stendi imara kwenye ardhi ngumu. Usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Kwenye magari ya springi za koili weka stendi chini ya ekseli yenyewe. Kwenye Chevelle na ndugu zake, shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiifungua huku ekseli inaning'inia, ekseli itashuka, springi zinaweza kuchomoka kwa nguvu, na mpira wa breki unaokwenda kwenye ekseli unaweza kuvutika hadi kukatika. Gari la mabamba lina huruma zaidi, lakini tabia ya kuibeba ekseli haikudhuru popote.

Nati zitakuwa na kutu. Zilowanishe mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Ukikuta msumari wa juu unazunguka pamoja na nati, ushike ncha yake kwa spana, mara nyingi ina pande bapa kwa kazi hiyo. Usishike fimbo inayong'aa kwa koleo. Alama moja ya meno ya koleo itakata sili na utakuwa umeiua shokapu iliyokuwa nzima. Na usitumie moto karibu na shokapu ya gesi, ina shinikizo ndani.

Ikishatoka, ibane kwenye jiliwa kwa sehemu ya chini, isimame wima kama inavyosimama kwenye gari. Ivute hadi mwisho, isukume hadi mwisho, mara tano sita, kabla hujahukumu chochote. Shokapu isiyo na gesi ikilazwa, hewa huingia mahali pa oili, na mipigo ya mwanzo huwa mitupu. Hata mpya iliyolazwa dukani ina tabia hiyo, kwa hiyo ipige wima kabla ya kuifunga.

Sasa hisi. Upinzani uwe laini na wa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Kuvuta kuwe kugumu kuliko kusukuma. Watu huisukuma, wakaona inaingia kirahisi, wakaitupa. Wangeivuta wangejua ni nzima. Unapogeuza mwelekeo upinzani uje mara moja. Kukiwa na nafasi tupu ya upana wa kidole kabla haijashika, na nafasi hiyo haiondoki hata baada ya kuipiga mara kumi, oili imepungua. Ikikwama sehemu moja, fimbo imepinda. Ikiingia na kutoka kama pampu ya baiskeli yenye mpira uliokufa, imekwisha.

Ya gesi ukiiachia hupanda yenyewe polepole. Isipopanda, gesi imetoka. Isiyo na gesi haipandi na haitakiwi kupanda, usiitupe kwa sababu hiyo, hasa kama ni ya awali ya gari na unajali uasili wake.

Linganisha ya kulia na ya kushoto. Mkono hauna namba ndani yake, lakini ni hodari sana wa kutofautisha vitu viwili.

Kwa nini imekatika

Shokapu kuchoka ni umri. Shokapu kukatika, yaani msumari kuvunjika shingoni, jicho kung'oka, mabano kupasuka, kuna aliyeisababisha. Ukifunga mpya bila kumtafuta, nayo itakatika.

Chanzo cha kwanza ni urefu. Magari mengi ya aina hii yaliinuliwa nyuma ili matairi mapana yaingie, mengine kwa shakli ndefu, vile vining'inio vya nyuma ya springi. Kwa kuwa ekseli iko karibu na katikati ya springi, shakli iliyoongezwa milimita 100 huinua nyuma kama milimita 50. Chukua shokapu yenye urefu wa milimita 330 ikifungwa na 530 ikinyooshwa, ambayo gari likisimama ilikuwa na 430. Ilikuwa na milimita 100 za kushuka. Sasa imebakiwa na 50. Ekseli ikishuka ndani ya shimo kubwa, shokapu ndiyo inakuwa kamba ya kuizuia, na uzito wote wa ekseli unaning'inia kwenye msumari mmoja mwembamba. Kwenye gari lililoshushwa ni kinyume: shokapu inafunga hadi chini kabla raba ya kuzuia ekseli haijagusa, na pigo linakwenda kwenye sakafu ya buti. Kwa hiyo gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pima kutoka kifungio hadi kifungio. Kipimo chako kiwe karibu na katikati ya urefu wa shokapu unayonunua. Na tazama kama raba ya kuzuia ekseli bado ipo, kwa maana nyingi zilishaoza na kudondoka miaka mingi iliyopita.

Chanzo cha pili ni shokapu za kujazwa upepo. Zilipendwa sana kwa kuinua nyuma. Lakini ukizijaza, sehemu ya uzito wa gari inahama kutoka kwenye springi kwenda kwenye vifungio vya shokapu, na vifungio hivyo vilitengenezwa kutuliza, havikutengenezwa kubeba. Kwenye gari lililowahi kuwa nazo, hata kama zilishatolewa, chukua tochi na brashi ya waya usafishe chuma kinachozunguka vifungio vya juu. Ufa huanza kwenye ukingo wa tundu au kwenye mshono, mwembamba kama unywele, na rangi hupasuka kabla ya chuma. Ukiuona, chuma kichomelewe na kuimarishwa kwanza. Shokapu mpya juu ya ufa itaufungua ufa.

Cha tatu ni kutu, na hapo hakuna la kuzungusha: chuma kilichooza kikatwe, kiwekwe kipya.

Kufunga

Badilisha zote mbili pamoja. Shokapu za msumari na raba, kaza nati hadi raba ivimbe na kufikia upana wa washa, usiendelee. Raba iliyopondwa hadi kupasuka haidumu. Shokapu za jicho na bushi, zishike kwa nati zilizolegea kwanza, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi itakuwa imejipinda muda wote gari limesimama, na itapasuka mapema.

Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma jirani. Endesha siku chache, pita kwenye barabara mbovu unayoijua, kisha rudi na tochi utazame mistari. Ule uliokatika ni nati iliyozunguka. Kwenye ile Mustang ya 1966 niliweka raba mpya, nikalisawazisha lile tundu kwa washa nene iliyochomelewa, nikachora mstari mweupe. Mwenyewe alirudi baada ya wiki mbili, tukafungua buti pamoja, na mstari ulikuwa umenyooka.